Matembezi Kando ya Mfereji: Kutoka Banio la Mlimani Hadi Chungu cha Wazee

Mkulima wa Bokoli akipita daraja la mto Nzoia karibu na Webuye wakati wa mvua nyingi, huyaona maji mekundu yakienda kwa kishindo kuelekea maporomoko ya Nabuyole, na pengine haimjii fikira ya kuuliza yametoka wapi. Baadhi yametoka Mlima Elgon, ambao watu wa Bungoma huuona kila asubuhi usipofunikwa na mawingu. Mengine yametoka mbali zaidi, katika milima ya Cherangani iliyo mashariki ya Kitale. Maji hayo yakishapita Webuye huendelea hadi nyanda za Budalang'i, na mwisho wake ni Ziwa Victoria.

Lakini milima ya Cherangani ina pande mbili. Mvua inyeshayo upande wa magharibi huja kwetu kwa njia ya Nzoia. Ile inyeshayo upande wa mashariki huteremka genge kubwa, huingia katika mto Kerio, na kuelekea kaskazini hadi Ziwa Turkana, katika nchi ya jua kali. Ni huko, katika upande usioonekana kutoka Bokoli, waishiko Wamarakwet, na ndiko kuliko na kazi moja ya mikono ambayo kila mkulima angefaidika kwa kuitazama. Ni mifereji ya maji iliyochimbwa na mababu zao, ambayo vizazi vingi vimepita na bado inamwagilia mashamba.

NJIA YA KUFIKA

Safari yenyewe si ngumu kwa mtu mwenye miguu mizima. Kutoka barabara kuu ya Webuye, gari hupita Misikhu, Kamukuywa na Kiminini, na kufika Kitale. Kutoka Kitale hupanda hadi Kapenguria, mji ambao jina lake lilijulikana duniani kote kwa sababu ya kesi ya Jomo Kenyatta na wenzake, iliyoanza mwaka 1952 na kuhukumiwa mwaka 1953. Baada ya hapo barabara huteremka kupitia Chepareria na Ortum. Baridi ya Kitale huachwa nyuma, mahindi hupungua, na miti ya miiba huanza kutawala.

Penye bonde jembamba la Marich msafiri huiacha njia ya Lodwar na kugeukia Sigor. Hapo ataona mashamba ya Wei Wei, yanayonyweshwa kwa mabomba yanayopokea maji kutoka mlimani bila mashine ya kuyasukuma, kwa kuwa mteremko wenyewe hutosha. Mradi huo ni wa Mamlaka ya Maendeleo ya Bonde la Kerio, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1979. Mbele zaidi ni Lomut, kisha Chesegon, na hatimaye Tot, chini ya genge, mahali mto Embobut utokapo mlimani. Hapo gari huachwa, na matembezi huanza.

Inafaa kuanzia juu na kuteremka pamoja na maji. Anayetaka kufanya hivyo hana budi kupanda kwanza, na kumpata mwenyeji wa kumwongoza. Kwani mfereji ni mali ya watu, na mgeni hapiti katika mali ya watu kabla ya kubisha hodi.

BANIO

Mwanzo wa mfereji ni banio, yaani mahali mto unapozuiwa ili sehemu ya maji igeuzwe. Mtu aliyezoea mabwawa ya saruji huenda akalidharau akiliona mara ya kwanza. Ni mawe makubwa yaliyopangwa, magogo, matawi ya miti, majani na udongo. Lakini akikaa kitako na kufikiri, ataona akili iliyomo. Mto ukifurika, banio la namna hii hubomoka upesi na kuyaacha maji mengi yapite mtoni, yasije yakauingia mfereji na kuuharibu wote. Kisha watu hukusanyika na kulijenga tena kwa vitu vilivyopo pale pale, pasipo kununua hata msumari.

Kutoka banioni maji huongozwa kando ya mlima. Mto wenyewe huanguka haraka bondeni, lakini mfereji huteremka polepole, kiasi kwamba baada ya mwendo mfupi msafiri husikia kelele za mto chini kabisa ya miguu yake, hali maji ya mfereji yanapita kimya karibu na magoti yake. Penye mwamba, ukuta wa mawe umejengwa upande wa nje na nyufa zake zimezibwa kwa udongo na majani. Penye korongo, maji yalivushwa kwa magogo yaliyochimbwa katikati kama mtumbwi, yakashikiliwa kwa nguzo. Siku hizi mahali pengi magogo hayo yamebadilishwa kwa mabomba, na penye kuvuja sana pametiwa saruji.

Mifereji mikuu ya namna hii ni makumi kwa makumi katika genge lote la Marakwet, na mingine hupita urefu wa kilometa 10 kabla ya kufika mashambani. Waliopima njia zake za kwanza hawakuwa na darubini wala ramani. Wazee husema kuwa maji yenyewe ndiyo yaliyokuwa kipimo: yakikubali kwenda, mchimbaji aliendelea, yakisimama au yakirudi, alijua amekosea, akachimba upya.

Habari za kazi hii zilifika mbali. Mwaka 1941 R. O. Hennings, aliyekuwa mtumishi wa Serikali ya Kikoloni nchini Kenya, aliandika makala juu ya wachimba mifereji hao katika jarida moja la jiografia la Uingereza. Baadaye, tangu miaka ya 1970 na 1980, wataalamu wa mambo ya kale na wa jiografia wamekuja mara kwa mara kupima na kuuliza. Wengi wao walijiuliza swali moja: je, kazi kubwa hivi iliwezekanaje katika nchi isiyokuwa na mfalme wa kuamuru watu?

ZAMU YA MAJI

Jibu la swali hilo halionekani katika mawe. Limo katika sheria za wenyeji. Kila mfereji una wenyewe, nao ni ukoo mmoja au koo kadhaa ambazo mababu zao walichimba pamoja. Aliye na haki ya maji leo ni yule ambaye babu yake alitoa jasho, na haki hiyo huendelea maadamu mwenyewe naye anatoa jasho lake. Mafuriko yakibomoa banio, wanaume wenye haki ya maji huitwa kwenda kulitengeneza. Asiyekwenda bila sababu hutozwa faini.

Maji nayo hugawanywa kwa zamu. Ukoo huu hupata mchana, ukoo ule hupata usiku. Na ndani ya ukoo, nyumba hii hupata saa zake, kisha hufunga kwa mawe na udongo na kumwachia jirani. Wakati wa kiangazi mtu huamka usiku wa manane akiwa na jembe begani kwenda kupokea zamu yake, kwani maji hayamngojei aliyelala. Mwizi wa maji, yaani mtu anayefungua mfereji kwa siri wakati si wake, hushitakiwa mbele ya baraza la wazee linalokutana chini ya mti, ambalo wenyewe huliita kokwo. Hapo kila mwanamume ana ruhusa ya kusema, na neno hukatwa baada ya wengi kuridhika.

Isidhaniwe kuwa mambo yote ni mazuri. Ugomvi wa maji upo, na mwaka wa ukame ugomvi huzidi. Tena kwa desturi wanawake hawakuhesabiwa kuwa wenye maji, wala hawakushiriki katika kazi ya mfereji wala katika baraza lake, ijapokuwa mikono yao ndiyo ilimayo sehemu kubwa ya mashamba. Utafiti uliochapishwa mwaka 1997 ulionyesha kwamba sheria isemwayo na mambo yatendwayo havilingani: wanawake hupata maji kwa njia nyingi za kuombana na kusaidiana, hata wale wasio na mume wa kuwasemea. Jambo hili lastahili kufikiriwa na kila ukoo, kwa kuwa Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inawapa wanawake na wanaume haki sawa, na mama mjane hapaswi kuomba kwa siri kile ambacho shamba lake linakihitaji waziwazi.

NDUGU WA KILIMANJARO

Wamarakwet si peke yao katika Afrika ya Mashariki. Wachagga wa mlima Kilimanjaro, nchini Tanzania, nao wana mifereji yao waiitayo mifongo. Kila mfongo huchukua maji katika mito inayotoka msituni na kuyapeleka kati ya vihamba vya migomba na kahawa. Charles Dundas, aliyetumikia Serikali katika nchi hiyo, alichapisha mwaka 1924 kitabu juu ya Kilimanjaro na watu wake, na tangu hapo wageni wengi wameisifu kazi ya mifongo. Huko nako mfongo una ukoo wake na mzee wake, na asiyefanya kazi ya kuusafisha hana neno la kusema wakati wa kugawa maji.

Mchagga akimaliza kazi ya mfongo, kinywaji cha desturi ni mbege, pombe ya ndizi mbivu zilizopikwa, iliyotiwa kimea cha ulezi, nafaka ile ile ambayo Bokoli huitwa wimbi. Hunywewa katika kibuyu kinachozungushwa kutoka mkono hadi mkono. Basi twaona jinsi maji ya mfereji na pombe ya wazee yalivyofungamana katika nchi mbili zilizo mbali. Sababu yake ni nyepesi: maji ndiyo yaletayo nafaka, na nafaka ndiyo iletayo pombe. Mahali pasipo na kazi ya pamoja, hapana cha kuchachusha.

CHUNGU CHA WAZEE

Turudi Marakwet. Jua likianza kuelekea nyuma ya genge, kivuli huteremka upesi bondeni. Mfereji, baada ya kupita juu ya vijiji vilivyojengwa kati ya mawe, hugawanyika kuwa vijito vingi vidogo na kupotea mashambani. Zamani mashamba hayo yalikuwa ya mtama na wimbi. Leo msafiri ataona pia mahindi, mihogo, ndizi, na hasa miembe, ambayo maembe yake huchukuliwa na malori hadi masoko ya mbali.

Hapo mwisho wa maji ndipo miguu nayo hutaka kupumzika. Wazee hukaa chini ya mti au katika ua, na katikati yao huwekwa chungu. Pombe ya wimbi na mahindi hutengenezwa na wanawake, na ya asali hujulikana sana katika nchi hii ya mizinga ya nyuki. Mgeni hupewa kigoda kwanza, kisha huulizwa habari za atokako. Akisema ametoka Bungoma, mazungumzo hayatakosa cha kushika, kwani chungu si kigeni kwake.

Watu wa Bokoli wanaijua vizuri desturi hiyo. Kwa Wabukusu, pombe ya kienyeji huitwa kamalwa, na Kenya nzima huijua kwa jina la busaa. Unga wa mahindi hukandwa kwa maji na kuachwa uchachuke kwa siku kadhaa. Kisha hukaangwa juu ya bati hadi ubadilike rangi na kutoa harufu nzuri, na kuanikwa juani. Baadaye hutiwa majini pamoja na kimea cha wimbi, na kuachwa tena hadi uumuke. Katika mikusanyiko ya wazee chungu huwekwa katikati, huongezwa maji ya moto, na kila mtu huingiza mrija wake mrefu wenye kichujio kilichosukwa ncha yake. Mzee mwenye heshima hubeba mrija wake mwenyewe, naye huutunza kama wengine watunzavyo fimbo. Wakalenjin nao wana mirija ya namna hiyo.

Chungu hicho kina adabu zake. Kijana hampiti mzee, na anayezungumza husikilizwa. Mara nyingi neno zito la posa, la mpaka wa shamba au la ng'ombe aliyepotea hutolewa hapo, wakati vinywa vimelegea lakini vichwa bado vi baridi. Tena pombe hiyo haikosi katika sherehe kubwa ya tohara ya Wabukusu, ifanywayo mwezi wa Agosti katika miaka inayogawanyika kwa mbili. Wimbi huoteshwa mapema kwa ajili ya siku hiyo, na alfajiri mtahiriwa huenda mtoni kupakwa matope kabla ya kusimama mbele ya watu. Katika siku moja mto na chungu hukutana.

Lakini yafaa isemwe wazi kwamba si kila chungu ni chungu cha wazee. Pombe iliyokuwa ya jioni moja baada ya mavuno imegeuzwa na wengine kuwa kazi ya kila asubuhi, na karo ya watoto imemezwa humo. Waovu nao huchanganya vinywaji na sumu za kiwandani ili vilewe upesi, na katika sehemu mbalimbali za Kenya watu wamepofuka na kufa. Sheria ya mwaka 2010 ya kudhibiti vileo iliruhusu pombe za kienyeji zitengenezwe na kuuzwa kwa leseni na kwa masharti, nayo inakataza kumuuzia mtu asiyetimiza umri wa miaka 18. Wapo pia wengi katika Bungoma, hasa wafuasi wa Kanisa la Marafiki na makanisa mengine, ambao hawagusi pombe kabisa. Hao wakifika Marakwet hawatanyimwa kigoda. Uji wa wimbi na chai ya maziwa havikosekani, na heshima ya mgeni haipimwi kwa alichokunywa.

HATARI INAYOKUJA

Mazungumzo ya jioni hayaishii katika sifa za mababu. Kuna mambo matatu yanayowatia watu wa bonde hilo wasiwasi, na mtu wa Bokoli angefanya vema kuyasikiliza.

Jambo la kwanza ni msitu. Milima ya Cherangani huhesabiwa miongoni mwa milima mitano mikuu iletayo maji katika Kenya, pamoja na Mlima Kenya, Aberdare, Mau na Elgon. Miti ikikatwa juu, mvua haiingii tena ardhini polepole. Huteremka yote kwa siku moja, na kiangazi mfereji hubaki mkavu. Mnamo Novemba 2019 maporomoko ya ardhi yaliua watu wengi katika vijiji vya Pokot Magharibi, na Aprili 2020 tope na mawe viliangukia Chesegon, sokoni hasa ambapo msafiri wetu alipita. Hata hivyo kulinda msitu kumeleta maumivu yake: mwaka 2014 watu wa Embobut, wakiwemo Wasengwer wanaosema msitu huo ni nchi ya babu zao, waliondolewa na nyumba nyingi zikachomwa. Bado haijapatikana njia ambayo itaulinda mti na mwenye kuishi chini yake pia.

Jambo la pili ni amani. Bonde la Kerio limesumbuliwa na wizi wa mifugo wa silaha kwa miaka mingi. Shamba ambalo mtu huogopa kwenda kulinywesha usiku haliwezi kupokea zamu yake, hata mfereji uwe umejaa.

Jambo la tatu ni vijana. Kijana aliyesoma huenda Eldoret, Kitale au Nairobi kutafuta kazi, na wala hakuna wa kumlaumu. Lakini banio likibomoka, huitwa mikono, na barua ya kazi haiwezi kubeba jiwe. Wengine huwatumia ndugu zao fedha ili kazi yao ifanywe na wengine. Huenda hiyo ikawa njia, lakini mtu aliyelipa tu hajui mahali mwamba unapovuja, na siku wazee wanaojua watakapokuwa hawapo, fedha hazitamwonyesha.

Mambo haya si ya Marakwet tu. Katika vijiji vya Bungoma chemchemi zilizochotewa na bibi zetu zimezungukwa na mikaratusi inayonyonya maji, na mabonde yenye unyevu yamelimwa hadi ukingoni mwa kijito. Udongo wa shamba lisilo na matuta huonekana mtoni Nzoia, ukienda kujaza mto huko Budalang'i, ambako watu hukimbia nyumba zao mafuriko yajapo. Nasi hatuna mfereji wa mababu wa kutukumbusha kila juma kwamba maji ni mali ya wengi. Tuna mto tu, na kila mtu hudhani ni wa jirani.

Mkulima anayerudi kutoka safari hiyo si lazima achimbe mfereji. Anaweza kuanza na jambo dogo: kuwaita majirani wanaochota katika chemchemi moja, kuondoa mikaratusi iliyo karibu nayo na kupanda miti ya asili, kuzungushia ua ng'ombe wasiingie, na kukubaliana ni nani atakayesafisha mwezi huu na ni nani mwezi ujao. Wasisahau kuwaita akina mama, kwa kuwa wao ndio wanaobeba mtungi na wanaijua chemchemi kuliko mtu mwingine yeyote. Asiyekuja alipe faini waliyopatana. Na siku kazi itakapokwisha, mwenye mrija na aje na mrija wake, mwenye kikombe cha chai na aje na kikombe chake, wakae mahali pamoja wayazungumze ya mwaka ujao.